KALAMU NA BASTOLA: Askari na Majambazi wa Magharibi ya Marekani, wa Sinema na wa Kweli

Ni wachache waliokulia katika miji ya Afrika Mashariki na ya Kati ambao hawajapata kutazama sinema ya kauboi. Mpango wake hujulikana hata kabla taa hazijazimwa. Mji ni wa mbao, barabara ni vumbi tupu, na akina mama wanawakimbiza watoto ndani na kufunga madirisha. Wanaume wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja mkono wake umening'inia karibu na bastola. Mmoja ana nyota ya bati kifuani. Huyo ndiye askari. Mwingine ana ndevu za siku tatu; huyo ndiye jambazi. Mlio unasikika, jambazi anaanguka, na sheria inakuwa imeshinda.

Hadithi hiyo ni tamu, na utamu wake umeifikisha katika kila pembe ya dunia. Lakini nchi hiyo ilikuwapo kweli, na wengi wa mashujaa wake walikuwa watu wa kweli, waliozaliwa, wakalipwa ujira, wakashtakiwa na wakazikwa kama watu wengine. Kumbukumbu za mahakama, magazeti na mabaraza ya miji yao zimehifadhiwa hadi leo. Anayezisoma hugundua mambo mawili. La kwanza ni kwamba sheria katika nchi ile ya mpakani ilitegemea zaidi hati, hakimu na amri za mji kuliko wepesi wa mkono. La pili ni kwamba nyuma ya karibu kila shujaa na kila jambazi mashuhuri palikuwa na mtu mwingine aliyeketi mezani na kalamu yake.

NUSU DAKIKA YA TOMBSTONE

Mapigano yaliyosifiwa kuliko yote yalitokea Tombstone, mji wa machimbo ya fedha katika Arizona, karibu na mpaka wa Meksiko. Madini yaligunduliwa huko mwaka 1877, na mji wenyewe ukaanzishwa mwaka 1879. Katika muda mfupi ukajaa wachimbaji, wafanyabiashara, wacheza kamari na wachungaji wa ng'ombe, ambao baadhi yao walishukiwa kuiba mifugo kutoka ng'ambo ya mpaka.

Mkuu wa polisi wa mji alikuwa Virgil Earp, ambaye pia alikuwa naibu marshali, yaani askari wa mahakama za serikali kuu. Wasomaji wengi watashangaa kusikia hivyo, kwa maana sinema humpa cheo hicho mdogo wake, Wyatt. Kwa kweli siku ile Wyatt alikuwa msaidizi wa muda tu. Pamoja nao walikuwa ndugu yao Morgan na John Holliday, maarufu kwa jina la Doc, daktari wa meno aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu na mcheza kamari.

Chanzo cha mapigano hayo kilikuwa sheria ndogo ya mji. Mwezi Aprili 1881 Tombstone ilipitisha amri ya kukataza watu kubeba silaha ndani ya mipaka yake. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba 1881, Ike Clanton alikamatwa kwa kuvunja amri hiyo, akapigwa bastola ya kichwa na askari, kisha akatozwa faini ya dola 25. Alasiri yake ndugu yake Billy na rafiki zao, Tom na Frank McLaury, walikuwa pamoja naye, na habari zikaenea kwamba wana silaha na wanatoa vitisho. Virgil akaenda kuwanyang'anya. Mkononi alishika fimbo ya kutembelea, ili aonekane amekwenda kwa amani; bunduki yake fupi alikuwa amemkabidhi Holliday, aliyeificha chini ya koti.

Pande hizo mbili zilikutana katika kiwanja kitupu kando ya nyumba ya mpiga picha mmoja, katika barabara ya Fremont. Zizi la O.K. ambalo limeyapa mapigano hayo jina lake lilikuwa hatua kadhaa kutoka hapo. Hapakuwa na barabara ndefu wala watu wawili waliotazamana. Walikuwa wanaume wapatao tisa waliobanana mahali pembamba, karibu kiasi cha kuweza kusalimiana kwa mikono. Risasi zipatazo 30 zililia kwa muda wa kama sekunde 30. Moshi ulipotawanyika, Billy Clanton na ndugu wawili wa McLaury walikuwa wamekufa au wanakata roho. Virgil na Morgan walijeruhiwa, na Holliday alikwaruzwa na risasi. Ike Clanton, ambaye hakuwa na silaha, alikuwa amekwisha kimbia.

Sinema nyingi huishia hapo, na papo hapo ndipo kazi ya sheria ilipoanza. Askari hao walishtakiwa kwa mauaji. Hakimu Wells Spicer alisikiliza mashahidi wapatao 30 kwa muda wa karibu mwezi mzima. Wengine walisema marehemu walikuwa wameinua mikono. Wengine walisema walikuwa wakichomoa bastola. Tarehe 30 Novemba 1881 hakimu aliamua kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuwapeleka mbele, lakini alimlaumu Virgil kwa kukosa busara. Katika jambo zito kama lile, alisema hakimu, haikufaa mkuu wa polisi kuwachukua Wyatt na Holliday, ambao tayari walikuwa na ugomvi na watu wale.

Yaliyofuata hayana utukufu wowote. Mwezi Desemba mwaka ule ule Virgil aliviziwa usiku, na mkono wake wa kushoto ukalemaa kwa maisha. Mwezi Machi 1882 Morgan aliuawa kwa risasi iliyopitia mlangoni alipokuwa akicheza biliadi. Wyatt akaanza kuwasaka aliowashuku, na watu kadhaa wakauawa bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Hati ya kumkamata kwa mauaji ilipotolewa, askari huyo mashuhuri alitoroka Arizona. Wala haikuwa mara yake ya kwanza kuikimbia mahakama, kwani mwaka 1871 alikuwa amekwisha shtakiwa kwa wizi wa farasi, akatoroka mahabusu kabla kesi yake haijasikilizwa.

Aliishi hadi mwaka 1929, akafia Los Angeles akiwa na umri wa miaka 80. Miaka miwili baadaye mwandishi Stuart Lake alitoa kitabu kilichomfanya Wyatt kuwa askari asiye na doa, na maneno mengi yaliyowekwa kinywani mwake yalikuwa ya Lake mwenyewe. Sinema ya mwaka 1957 ikalitia muhuri jina la Zizi la O.K. Watu wa Hollywood walihitaji shujaa mmoja, basi Virgil, aliyekuwa na cheo na wajibu, akasukumwa nyuma ya mdogo wake.

MIJI ILIYOKATAZA BASTOLA

Amri ya Tombstone haikuwa ya pekee. Miji ya Kansas, ambako ng'ombe kutoka Texas walipakiwa katika garimoshi, ilikuwa na amri za namna hiyo hiyo. Huko Dodge City, palipo na sifa ya umwagaji damu, bango kubwa lilisimamishwa barabarani kuwaonya wageni kwamba ni marufuku kabisa kubeba silaha. Mgeni alipaswa kukabidhi bastola yake, kisha aichukue siku ya kuondoka. Wenye maduka na mahoteli ndio waliodai amri hizo, kwa sababu maiti haihesabiwi miongoni mwa wateja.

Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu watu waliouawa katika miji mitano ya biashara ya ng'ombe huko Kansas kati ya mwaka 1870 na 1885. Alipata 45 tu kwa miaka yote hiyo. Katika sinema moja idadi hiyo huweza kufikiwa kabla ya mapumziko. Ni kweli kwamba miji yenyewe ilikuwa midogo, na wanahistoria wengine wameonya kuwa hata vifo vichache ni vingi palipo na watu wachache. Lakini kazi ya kila siku ya askari wa miji hiyo ilikuwa kukamata walevi, kukusanya faini na kuamua ugomvi.

SHUJAA WA GAZETI

Kati ya askari hao hakuna aliyetukuzwa mapema kuliko James Butler Hickok, aliyeitwa Wild Bill. Mwezi Februari 1867 gazeti moja kubwa la Marekani, Harper's, lilichapisha makala ya George Ward Nichols, iliyodai kwamba Hickok amekwisha ua watu kwa mamia, na kwamba siku moja huko Rock Creek, Nebraska, alipambana peke yake na genge la watu kumi, akawamaliza wote. Ukweli ni kwamba waliokufa Rock Creek mwaka 1861 walikuwa watatu, na Hickok hakuwa peke yake katika kuwaua.

Sifa hizo ndizo zilizomletea kazi ya ukuu wa polisi wa Abilene, Kansas, mwaka 1871. Usiku wa tarehe 5 Oktoba mwaka huo alipigana kwa bastola na mcheza kamari aitwaye Phil Coe, akampiga. Wakati huo huo akaona mtu anakuja mbio kutoka gizani. Hickok akageuka, akafyatua, mtu yule akaanguka. Alikuwa Mike Williams, msaidizi wake mwenyewe, aliyekuwa anakimbilia kumsaidia.

Kila aliyewahi kubeba silaha ya serikali ataelewa uzito wa usiku ule. Wepesi ule ule wa mkono uliosifiwa na gazeti ndio uliomwua mwenzake. Baada ya siku hiyo haijulikani kuwa Hickok aliua mtu tena. Mwezi Desemba baraza la mji lilimwachisha kazi. Tarehe 2 Agosti 1876 alipigwa risasi ya kisogo huko Deadwood, akiwa ameketi anacheza karata.

MAJAMBAZI WALIOTAKASWA

Kama kalamu iliweza kumkuza askari, iliweza pia kumwosha jambazi. Jesse James wa Missouri husifiwa kwamba aliwaibia matajiri akawapa maskini. Hakuna ushahidi wowote kwamba aliwahi kumgawia maskini senti ya fedha alizoiba. Alikuwa kijana wa familia iliyomiliki watumwa, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 alipigana msituni upande wa wale waliotaka utumwa uendelee. Vita vilipokwisha aliendelea kupora mabenki na magarimoshi. Jina lake zuri alilipata kwa John Newman Edwards, mwandishi wa magazeti aliyekuwa ofisa wa jeshi lile lile lililoshindwa. Edwards alihitaji mtu wa kuwaliwaza walioshindwa, akampata Jesse.

Tarehe 7 Septemba 1876 genge hilo lilivamia benki ya Northfield, Minnesota. Ndani, karani Joseph Lee Heywood aliamriwa afungue sefu. Alikataa, wakampiga, akakataa tena, wakamwua. Nje, raia wa mji walitambua kinachotendeka, wakachukua bunduki na hata mawe, wakawaua majambazi wawili barabarani. Mhamiaji mmoja kutoka Sweden alipigwa risasi pia siku hiyo, akafa siku chache baadaye. Majuma mawili baadaye wengine wanne walizingirwa. Mmoja aliuawa na watatu wakakamatwa. Jesse na kaka yake Frank ndio waliosalimika. Genge lile la kutisha lilivunjwa na wenye maduka. Hata hivyo dunia nzima inalijua jina la Jesse James, na ni wachache wanaolijua la Heywood.

Inapasa kusema pia kwamba waliomwinda hawakuwa safi siku zote. Mwezi Januari 1875 wapelelezi wa shirika la Pinkerton walitupa kifaa cha moto katika nyumba ya mama yake Jesse. Kilipolipuka, kilimwua mdogo wake, mtoto wa miaka minane, na mama huyo akapoteza sehemu ya mkono. Jesse mwenyewe hakuwamo. Kitendo hicho kiliwapatia majambazi huruma ya watu kuliko makala zote za Edwards. Hatimaye, tarehe 3 Aprili 1882, Jesse aliuawa nyumbani kwake na Robert Ford, mwenzake katika genge, aliyempiga risasi kwa nyuma akitamani zawadi iliyotangazwa na gavana.

Habari za Billy the Kid wa New Mexico ni za namna hiyo. Yasemwa aliua watu 21, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake. Wanahistoria huhesabu wanne aliowaua kwa mkono wake, na wengine kama watano aliowaua pamoja na wenzake. Sherifu Pat Garrett, mkuu wa polisi wa wilaya aliyechaguliwa kwa kura, alimwua Julai 1881 ndani ya chumba chenye giza. Mwaka uliofuata Garrett alitoa kitabu juu yake, ambacho sehemu kubwa kiliandikwa na rafiki yake mwandishi; na kadiri marehemu alivyozidi kutisha, ndivyo aliyemwua alivyozidi kuwa shujaa. Hata picha ya Billy ilidanganya. Ilipigwa kwa namna inayogeuza kulia kuwa kushoto, watu wakaamini alitumia mkono wa kushoto, na sinema ikatengenezwa juu ya jambo hilo mwaka 1958.

ASKARI ASIYEJUA KUSOMA

Wakati wino huo wote ukimwagika, alikuwapo askari mmoja aliyefanya kazi kwa miaka 32 bila kupata mwandishi wa kumtukuza. Jina lake Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838. Wakati wa vita alimtoroka bwana wake, akakimbilia nchi iliyotengewa Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, mahali ambapo leo ni jimbo la Oklahoma. Huko aliishi na wenyeji na kujifunza lugha yao.

Nchi hiyo ilikuwa kimbilio la wahalifu, kwa sababu mahakama za wenyeji hazikuruhusiwa kumhukumu mtu asiyekuwa mwenyeji. Mwaka 1875 Jaji Isaac Parker alipelekwa Fort Smith, Arkansas, kusimamia eneo hilo kubwa, na manaibu marshali wakaandikishwa. Reeves alikuwa mmoja wao, miongoni mwa watu weusi wa kwanza kupewa cheo hicho magharibi ya mto Mississippi. Sinema za zamani hazikuwaonyesha watu kama yeye, ingawa wanahistoria wengi hukadiria kwamba hata kati ya wachungaji wa ng'ombe kama mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi.

Kazi yenyewe haikufanana na sinema. Naibu aliondoka Fort Smith na gari la farasi, mpishi na msaidizi, akiwa na fungu la hati mkononi. Alizunguka kwa majuma mengi, akirudi na wafungwa wamefungwa minyororo. Hakuwa na mshahara wa mwezi. Alilipwa kwa maili alizosafiri na kwa kila mtu aliyemfikisha mahakamani. Mtuhumiwa aliyeuawa hakuleta malipo. Hivyo basi hata mfuko wa askari ulimhimiza amlete mtu akiwa hai. Manaibu zaidi ya 100 waliuawa katika nchi hiyo kabla ya mwaka 1907.

Reeves hakujua kusoma wala kuandika. Alisomewa hati zake, akazihifadhi kichwani pamoja na majina na makosa, na inasimuliwa kwamba hakuwahi kumkamata mtu kwa hati isiyo yake. Magazeti ya wakati wake yaliripoti kuwa alikamata watu zaidi ya 3,000. Naye alionja upande wa pili wa sheria. Mwaka 1884 risasi kutoka bunduki yake ilimwua mpishi wa msafara wake. Alisema ilikuwa ajali. Alishtakiwa kwa mauaji, akawekwa ndani kwa miezi kadhaa, na mwaka 1887 baraza la mahakama likamwona hana hatia. Mawakili walikuwa wamekula akiba yake, akarudi kazini.

Jaribu kubwa lilimfika mwaka 1902. Mwanawe Bennie alimwua mkewe. Inasimuliwa kwamba askari wengine walisita kuichukua hati hiyo kwa kumwonea haya mzee, ndipo Reeves alipoiomba mwenyewe. Alimleta mwanawe, naye akahukumiwa na kufungwa. Kila mzazi anaweza kupima safari ya watu wale wawili kurudi mjini.

Mwaka 1907 Oklahoma ilipofanywa jimbo, kazi ya Reeves ilikwisha. Alitumikia polisi wa mji wa Muskogee kwa muda wa miaka miwili, akafariki Januari 1910. Siku hizi anakumbukwa. Sanamu yake ilizinduliwa Fort Smith mwaka 2012. Lakini tayari uzushi umeanza kumfuata. Husemwa kwamba ndiye aliyekuwa mfano wa Lone Ranger, shujaa wa mchezo wa redio ulioanza Detroit mwaka 1933. Ushahidi wa jambo hilo haupo. Mtu aliyefanya mengi kiasi hicho hana haja ya kuvishwa kinyago cha mwingine.

HADITHI ILIVYOVUKA BAHARI

Mtu anaweza kuuliza ubaya uko wapi, ikiwa hadithi ni za kujifurahisha tu. Jibu moja limo katika historia ya Kongo. Tangu mwaka 1883 William Cody, aitwaye Buffalo Bill, aliigeuza Magharibi ya Marekani kuwa maonyesho ya kulipia, akayapeleka hadi Ulaya. Sinema zikarithi kazi yake. Katika miaka ya 1950 vijana wa mitaa ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijiita Bills kwa jina hilo hilo. Waliiga mavazi na mwendo wa makauboi, wakaunda lugha yao ya mitaani, na baadhi yao wakapigania mitaa kwa ngumi na visu. Vijana wale walikuwa wametawaliwa na wageni na kunyimwa mambo mengi, na katika giza la sinema waliona mwanamume asiyemwogopa mtu. Walichokosa kuonyeshwa ni hakimu, karani aliyekataa kufungua sefu, na askari mweusi aliyebeba hati asiyoweza kuisoma, ila akaitii.

Huo ndio upungufu wa hadithi ya bastola. Humfundisha kijana kwamba haki ni ya mwenye mkono mwepesi, na humfundisha askari kwamba heshima yake imo katika idadi ya walioanguka mbele yake. Kumbukumbu za mpakani zinasema vingine. Hickok alimwua msaidizi wake kwa haraka ile ile iliyompa jina. Virgil Earp alilaumiwa na hakimu kwa kuwachukua watu wenye hasira kwenda kutekeleza amri ndogo ya mji. Reeves aliposhtakiwa alisimama kizimbani kama raia mwingine yeyote.

Huko Tombstone mapigano ya nusu dakika huigizwa kwa watalii, na viingilio hulipwa. Kaburi la Bass Reeves halijulikani lilipo.